Mshale Haubembelezwi

Muuguzi alinifunga mkanda wa presha mkononi, akaniambia nikanyage sakafu kwa miguu yote miwili na ninyamaze. Kunyamaza kwangu ni kazi, lakini nilinyamaza. Amri mpya ya kiwanda chetu cha kufulia ilikuwa hivi: presha ikizidi mia na sitini mara tatu, unanyang'anywa ufunguo wa chumba cha boila. Nimelilinda boila lile miaka ishirini na sita. Kazi nyingine siijui.

Kaka yangu pacha, msaidizi wangu wa boila, alishapimwa, ametulia kwenye benchi. Mia na thelathini. Yeye ndiye mgonjwa wetu tangu zamani. Mimi humpikia bila chumvi, mimi humbebea vidonge mfukoni maana husahau hata kichwa chake. Na mimi humtania kwamba presha ni maradhi ya wanaume wa kwetu. Si ndiyo iliyomchukua baba, na baba mdogo pia?

"Mia na sabini na nane," alisema muuguzi. "Pumzika kidogo."

Wenzangu walikuwa wamejazana mlangoni wakisubiri zamu yao. Hata ningetaka kutoka, ningepitia wapi? Nilipimwa tena. Mia na themanini na mbili.

"Kipimo chako kibovu," nilisema. "Mimi na huyu tumbo moja, kabila moja, chungu kimoja."

"Chungu kimoja, ila sahani yako unaitia chumvi pembeni," alisema pacha wangu.

Muuguzi hakucheka. "Mama, fomu inauliza kabila, na zipo jamii zenye presha zaidi ya nyingine. Lakini mimi napima mkono, sipimi ukoo. Ujanani wanaume hutangulia. Hedhi ikishakoma, wanawake huwafikia, wengine huwapita. Mwenzio anameza dawa. Wewe ulipima lini mara ya mwisho?"

Sikuwahi. Niliona aibu, nikaona na hasira.

Mara ya tatu mkanda ulinibana mpaka vidole vikafa ganzi. Niliutolea macho mshale wa kipimo. Kusoma mshale ndiyo riziki yangu. Ulipoanza kurukaruka, pale presha inaposomwa, ulikuwa bado juu ya mia na themanini.

"Gonga kioo kidogo," nilinong'ona. "Huenda umekwama."

Pale mlangoni wenzangu wakatazamana. Mwaka jana mwenzetu mmoja aligonga kioo cha kipimo cha boila ili mshale ushuke, awahi kwenda nyumbani, maana hatoki mtu kabla mvuke haujapungua. Nilimfukuzisha kazi mbele ya watu walewale. "Mshale haubembelezwi," nilimwambia, na maneno hayo wakayageuza jina langu la utani. Sasa hakuna aliyeyatamka. Afadhali wangeyasema.

Pacha wangu alinijia, akanyoosha mkono.

"Ufunguo, dada."

Niliuvua shingoni nikampa. Mkono wake haukuondoka.

"Na vidonge vyangu. Kuanzia leo mfuko huo utabeba vyako."