Kitovu Kwenye Lundo la Mboji

Asubuhi za Haydom zikija na ukungu, wageni wangu hawaoti moto jikoni. Wanazunguka lundo la mboji nyuma ya nyumba, mikono wameinyoosha, maana lile lundo linafuka mvuke kama sufuria ya makande. Ukichungulia dirishani unaona watu nusu nusu: vichwa na mabega, kisha weupe, kisha maneno yanayoelea bila mwenyewe. Nani kaoa, nani kauza dume, mgonjwa wa nani jana kanywa uji.

Nyumba yangu, jirani na hospitali, ni ya kupangisha vitanda kwa watu wanaouguza. Wanashuka kwenye basi na ndoo, blanketi, wengine na kuku, na mimi Marieta nawapokea kwa sheria moja: hakuna kutupa hovyo. Maganda na mabaki ya chakula, kwenye lundo. Chupa za plastiki, gunia la mnunuzi wa chupa. Matambara, kiroba cha fundi pikipiki, anafutia grisi. Betri na viwembe, ndoo yenye mfuniko. Anayekosea namtaja wakati wa chai, watu wote wakisikia.

"Siku ya hukumu malaika watakuja kukuazima, dada," alinitania Onesphory wa Masakta, aliyekuwa anamuuguza kaka yake mguu. "Kondoo huku, mbuzi kule, na wewe unakagua mifuko."

Aliyelipenda lundo kuliko wote ni Mama Gidahosh wa Basotu. Mkwe wake, Oliva, alijifungua mtoto mdogo kama hua, wakabaki wodini wote wawili wiki baada ya wiki, bibi akilala kwangu. Yule mama maneno yake ni machache, lakini kila asubuhi lundoni ndiye wa kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo limeamka vizuri," hunijibu, akilipapasa ubavuni kama ng'ombe mwenye mimba.

Mchana mmoja akarudi kutoka wodini anacheka peke yake njiani. Mtoto ameongezeka kilo, kesho wanaruhusiwa. Nyumba nzima tukapiga vigelegele. Akaingia chumbani kufunga mizigo, na baadaye akatoka polepole, mtandio mkononi.

"Marieta, mwanangu. Nilikuwa na kifundo kwenye ufa wa ukuta, juu ya kitanda."

"Kifundo cha kitambaa cha bluu?"

"Hichohicho."

Nikakumbuka. Siku tisa nyuma nilikuwa nafagia, nikakiokota sakafuni, kumbe kimedondoka ukutani. Mtu mwingine angekiweka mezani na kuuliza ni cha nani. Mimi nilikifungua. Kitambaa nikakitia kwenye kiroba cha matambara. Ndani kulikuwa na kitu kikavu, cheusi, kimejikunja, nikadhani kipande cha tangawizi iliyosahaulika. Nikakirusha kwenye lundo huku naimba pambio, nimeridhika na nafsi yangu.

"Ni kitovu cha mtoto," akasema. "Kilipodondoka Oliva alinipa nikitunze. Cha baba yake nilikizika mwenyewe, langoni kwa ng'ombe. Cha babu yake kiko hapohapo. Huyu akifika bila chake, pale atakuwa mtu wa kupita tu. Atakaa kwao kama mgeni."

Hakupaza sauti. Heri angenitukana.

Kitambaa kilipatikana mara moja, kiroba chake ni kimoja tu. Tukabaki na lundo. Onesphory akavua koti, akashika uma wa kugeuzia mboji, nami nikapiga magoti. Tukalifungua kidogo kidogo, mvuke ukatupanda usoni, ukungu wa jioni nao ukashuka, hata sikujua tena kipi ni kipi. Nikashika ganda la ndizi, likawa udongo mkononi. Nikashika kokwa la parachichi, kisha mzizi, kisha kitu kikavu kilichojikunja, nikakiinua haraka, kumbe tangawizi kweli. Wageni wakatoka mmoja mmoja wakasimama kutuzunguka.

"Nimeligeuza mara mbili tangu siku ile," nikasema. "Mama, sijui hata kilikuwa upande gani."

Mama Gidahosh akainama, akazamisha mkono katikati mpaka kiwiko. Akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu, kama anayesikiliza mtoto akicheza tumboni mwa mtu.

"Kiko humu," akasema. "Kimepata joto. Nipe magunia."

"Mangapi, mama?"

"Ya kutosha lote."

"Lote?" Onesphory akashika kiuno. "Mama, konda atasema umehama na shamba."

"Mwambie ni mjukuu wangu. Kachelewa kupanda."

Yalifika magunia saba. Tukafagia mpaka chini kwa ufagio wa ndani, punje haikubaki. Asubuhi konda alibisha kidogo, akaona kile kichanga mgongoni kwa Oliva, akaona sura ya bibi, akafungua buti. Basi likaingia kwenye ukungu na magunia yake, na nyuma ya dirisha mkono mmoja mweusi kwa mboji ukawa unapunga, unapunga, mpaka ukafutika.

Niliporudi uani niliwakuta wageni wamesimama palepale, duara, mikono wameinyooshea ardhi tupu. Hakuna aliyecheka. Nami nikanyoosha yangu. Palikuwa bado na joto.

Siku hizi kifundo cha mtu sikifungui. Nauliza kwanza.

Mvua zilipokolea, simu ikalia. Nikasikia ng'ombe kabla ya kusikia mtu.

"Marieta! Langoni kwangu, pale nilipomwaga magunia yako, pameota maboga. Mimi sikupanda boga. Yametambaa mpaka juu ya miti ya zizi, maua ya njano, ng'ombe wanapita chini yake kama wageni wa harusi. Mtoto namlaza hapo kivulini mchana, analala haamki."

Machozi yakanijaa. Nilijua ni mbegu za jikoni kwangu.

"Kwa hiyo amefika, mama?"

"Amefika, yuko kwao. Ila humo nimeokota vifuniko viwili vya soda, mwanangu. Nani anachambua taka hapo kwako?"

Nikamsikia Onesphory, aliyemrudisha kaka yake kliniki, nyuma yangu akianza kucheka, maana simu nilikuwa nimeiweka sauti ya juu, na nyumba nzima inasikiliza.