Kofia ya Raundi ya Kwanza

Jumapili asubuhi Ernestine Pickett alivaa glavu zake nyeupe, akasimama kwenye mlango wa kanisa letu la Kibaptisti, nyuma ya kiwanda cha karatasi hapa Pine Bluff, akamzuia mwanawe asiingie.

"Kofia, mwanangu."

"Mama, unajua haivuliki."

"Najua. Kiti chako kiko barazani."

Lavelle akainama asigonge taa ya barazani, akaenda kukaa chini ya dirisha. Haikuwa chuki. Ernestine ndiye kiongozi wa wahudumu wa mlangoni, na kwetu mwanamume haingii na kofia mbele za Mungu, awe shemasi, awe gavana. Akimpitisha wa kwake, wa mwenzake atamwambia nini?

Kofia yenyewe aliivaa miaka sita iliyopita, jioni ya uteuzi kule New York, timu za mpira wa kikapu zinapochagua vijana wapya. Sisi tulikusanyika ukumbi wa kanisa kutazama kwenye televisheni, tukila kambare wa kukaanga. Mkuu wa ligi akasoma jina lake, raundi ya kwanza. Lavelle akapanda jukwaani na suti ya zambarau, akavaa kofia ya timu iliyomchagua. Makelele tuliyopiga, weee! Kumbe timu ile ilishamuuza kwa nyingine kabla hajakanyaga ngazi. Ndivyo wanavyofanya. Umeshauzwa, na bado unavaa kofia ya wasiokutaka, unatabasamu upigwe picha. Alipofika hotelini akataka kuoga, kofia ikakataa kutoka.

Daktari wa timu mpya aliikagua, akasema ina mishipa ya damu, kisha akaendelea kupima goti, maana goti ndilo walilonunua. Msimu wa kwanza Lavelle alisugua benchi. Wa pili goti likafura, kocha akafukuzwa, na kocha mpya akawa anamwita "wewe mrefu", kwenye timu ya watu warefu. Wa tatu akatemwa. Akacheza Uturuki, akacheza Ufilipino, akarudi nyumbani kwa basi. Sasa anabadilisha matairi kwenye gereji ya mjomba wake. Kinyozi humnyoa kuzunguka ukingo wa kofia.

Wala si yeye peke yake. Mji wetu umetoa vijana watano wa raundi ya kwanza. Mmoja alidumu. Kofia ilimdondoka yenyewe msimu wa nne akipiga mswaki, akanunua nyumba Arizona, na hatumwoni tena. Wanne wako barazani kila Jumapili, wanaimba tenzi kupitia dirishani. Mvua ikinyesha wanaongeza sauti.

Ernestine alitaka kitu kimoja tu: mwanawe akae ubavuni mwake kwenye benchi la kanisa, walau mara moja kabla moyo wake mgonjwa haujasimama. Alishajaribu siki, mafuta ya nguruwe, na maombi ya kuwekewa mikono. Siku moja alijaribu mkasi. Damu ikatoka, na aliyelia ni yeye.

Mwezi wa Juni Mchungaji akatangaza tena kambare ukumbini. Safari hii anayechaguliwa ni mjukuu wake, Quincy Tate. Ernestine akamfuata ofisini.

"Mchungaji, mwambie kijana asiivae. Aishike mkononi tu."

"Dada Ernestine, usimtie mtoto nuksi. Huyu si kama wale."

"Hata Lavelle tulisema si kama wale."

"Lakini huyu anatupa kwa mkono wa kushoto!"

Ernestine akatoka bila kuaga. Nje alimkuta Lavelle.

"Wewe umemwambia Quincy?"

"Nimemwambia, Mama. Kasema nina wivu."

Alhamisi jioni ukumbi ulijaa. Ukumbini kofia si dhambi, kwa hiyo wale wanne walisimama nyuma, na ndio waliopiga makofi kuliko wote. Quincy alipanda jukwaani kule New York, akavaa kofia, akatabasamu. Mtangazaji akasema papo hapo kwamba timu hiyo imeshamuuza. Hakuna aliyemsikia, tulikuwa tunaruka. Kwenye televisheni mama yake Quincy akamshika kofia amvue kidogo, ampanguse jasho. Akavuta. Akavuta tena, huku anacheka. Kamera ikahamia kwa kijana aliyefuata.

Ernestine akatoa glavu zake nyeupe mkobani, akazivaa. Akaingia stoo, akachukua kiti cha kukunja, akakibeba hadi barazani.

"Mama, lete nikubebee," Lavelle akasema, akimfuata.

"Niache, hii ni kazi yangu."

Akakikunjua kando ya kiti cha mwanawe, akakifuta vumbi kwa leso. Akakitazama. Kisha akakisogeza kidogo mbali na taa, maana Quincy ni mrefu kuliko Lavelle. Ukumbini makofi yalikuwa bado yanaendelea.