Mwamuzi Hakugeuka

Mimi ni fundi cherehani hapa Rumonge, na Jumapili alasiri ni mwamuzi wa mieleka. Mieleka yetu, ile ambayo watu wa kando ya ziwa wanaiita kachi, ilivuka kutoka Kongo, na mshindi wake anajulikana kabla mtu hajavua shati. Sioni aibu juu ya hilo. Hata harusi kila mtu anajua itakavyoisha, na watu wanajaa.

Kinachoniudhi ni kisa kuula mchezo. Mwenye kundi letu, patro wetu, ni Modeste, muuza mafuta ya mawese, ambaye huandika visa vya mapambano kwenye daftari la shule: nani ameiba mkanda wa nani, nani ameapa kulipiza. Visa vyenyewe ni vizuri, simnyimi haki yake. Lakini kisa kikidai mtu aanguke dakika ya nne, ataanguka dakika ya nne, hata kama pambano ndiyo kwanza linaanza kunoga. Ukimlalamikia anakujibu kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Yeye mwenyewe hajawahi kubwagwa hata na mwanawe.

Aliyeumia zaidi kwa daftari hilo ni Cubaka. Ni fundi wa mitumbwi aliyekuja kutoka Kivu ya Kusini, anakaribia miaka hamsini, na kuanzia hapa mpaka Nyanza-Lac hakuna anayejua mieleka kama yeye. Anakupitisha juu ya bega na kukulaza chini taratibu, ukainuka bila hata mchubuko. Bahati mbaya ana sura ya upole, na Modeste aliamua zamani kwamba mpole ndiye anayefaa kurogwa.

Kwa hiyo kila Jumapili ilikuwa vile vile. Dakika ya nne Modeste anainua kitambaa cheupe. Mimi nageuka, nainama, nafunga kamba ya kiatu. Fabiola, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, ambaye ulingoni ndiye mchawi wetu, anamrushia Cubaka unga wa muhogo usoni. Cubaka analala fofofo. Anabebwa kwa machela mpaka ziwani, anamwagiwa maji, anaamka, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Sharti ni moja tu: mwamuzi akiwa anatazama, unga haurushwi. Watazamaji wanalishika sharti hilo kuliko sisi wenyewe. Uchawi wa mbele ya macho ya mwamuzi, kwao, si uchawi tena, ni uhuni.

Cubaka ana binti wa miaka kumi na minne, Keren. Wenzake shuleni walimpa jina, Binti Usingizi, na mwaka jana akaacha kabisa kuja kumtazama baba yake. Halafu goti la Cubaka likaanza kumsumbua, akaamua pambano moja la Julai liwe la mwisho. Wiki tatu kabla ya siku hiyo alikuja kibandani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Rachidi, ndugu yangu, niko naomba kitu moja. Keren anione napigana, hata mara moja. Yeye ameniona nalala tu."

"Atakuja?"

"Amekubali. Ila iko na kwaya. Atafika kulte ya kanisa ikiisha."

Tulikwenda wote wawili kwa Modeste. Alilifungua daftari, akalifuata kwa kidole. Mpinzani alikuwa Radjabu, kijana anayekwea michikichi kule Kigwena, na kisa kilikuwa kimeshampangia kuchukua mkanda Nyanza-Lac mwezi unaofuata.

"Radjabu lazima amalize mutu haraka, watu ya Nyanza-Lac bamuogope," alisema. "Minuti ine."

"Patro, muniongezee kumi tu," Cubaka akamwomba.

"Kaye imesema ine."

Utafikiri daftari lilijiandika lenyewe. Nilitoka pale nimevimba kwa hasira. Cubaka hakukasirika. Wiki zote tatu alikuwa mchangani na Radjabu kila asubuhi, wakirudia mitupo ambayo dakika nne zisingeweza kuibeba. Nilimuuliza Radjabu mazoezi yote hayo ni ya nini. Akasema mzee anamfundisha bure, atakataa vipi?

Siku yenyewe ilifika, na ulingo wetu wa mbao kuukuu na magunia ulizungukwa na watu pande zote. Niliwapa ishara, wakaanza. Dakika ya kwanza nilitazama njia ya kanisani, Keren hayupo. Dakika ya tatu Cubaka naye alitupa jicho huko huko, akapigwa kabari kwa kuzubaa kwake. Kwaya siku hiyo, nilikuja kuambiwa, walikuwa na wageni kutoka Gatete, na kila mgeni alitaka kuimba.

Dakika ya nne kitambaa kikapanda. Fabiola akatia mkono mfukoni. Goti langu lilishaanza kukunjika lenyewe kwa mazoea, kisha nikalinyoosha. Nilimhurumia yule mtu, na zaidi ya huruma, nilichoka. Nikasimama wima na kukodoa macho.

Fabiola alizunguka upande wa pili, nikamfuata kwa macho. Akarudi, nikarudi naye. Modeste alikipunga kitambaa mpaka mkono ukamchoka, kisha uvumilivu ukamwishia.

"Arbitri!" akapaza sauti mbele ya watu wote. "Kamba ya kiatu!"

"Imefungwa vizuri, patro," nikamjibu.

Watu wakaangua kicheko, ila hakikudumu, kwa sababu mieleka yenyewe ilikuwa imeanza. Radjabu alikuwa ameelewa. Alimpiga Cubaka ngwala, Cubaka akairuka. Akamvamia, akakuta hewa. Walishikana, wakaachana, wakashikana tena, na kelele zikapungua kidogo kidogo mpaka nikawa nasikia pumzi zao. Miaka sita ya uamuzi, sikuwahi kusikia pumzi za mtu.

Dakika ya kumi na moja Keren alitokea akikimbia, bado kavaa sare ya kwaya, akajipenyeza mpaka kwenye kamba. Baba yake alimwona. Hapo ndipo alipomchukua Radjabu, akampitisha juu ya bega na kumlaza, taratibu kabisa. Umati mzima ukashusha pumzi. Keren aliweka mikono yote miwili kichwani na hakuiondoa.

Wakaendelea dakika sita zaidi. Goti la Cubaka lilikuwa likitetemeka, nililiona, na huenda wengine pia waliliona. Mwishowe alimbana Radjabu mgongo chini. Nikapiga magoti kuhesabu. Moja. Mbili.

"Rachidi," alininong'oneza, "geuka."

"Papa Keren, umeshamushinda!"

"Huyu kijana iko na Nyanza-Lac. Mimi nilikuwa na leo, na imetosha. Geuka."

Nikageuka. Nikainama na kuishika kamba ambayo haikuwa na tatizo lolote, na sikuweza kuifunga wala kuifungua kwa sababu machozi yalinizuia kuona. Nyuma yangu nikasikia unga ukitua.

Jumapili zote watu walicheka hapo. Safari hii mama mmoja alipiga yowe, na wengine wakamtukana Fabiola kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, mpaka akajificha nyuma ya ngoma kwa hofu ya kweli. Radjabu alisimama juu ya mtu aliyelala akiwa na uso wa msiba. Kisa cha Modeste hakikuwahi kufika mbali namna ile, na kilifika kwa sababu tulikichelewesha.

Tulimbeba Cubaka kwa machela mpaka majini. Aliyezoea kumwaga ndoo alishaiinua, Keren akamzuia. Alichota kwa viganja, akamnawisha baba yake unga kwenye nyusi, kwenye masikio, bila haraka, na watu wote wakimtazama.

"Papa, amuka," alisema. "Ile ya bega, kesho utanionyesha."

Cubaka hakufumbua macho, ila midomo ilimcheza. Modeste akafika akihema, daftari mkononi, hasira zote zimemwisha.

"Hii iko muzuri sana! Nyanza-Lac tutaifanya tena: binti ananawisha baba." Kalamu ilikuwa imeshaanza kutembea.

"Patro," Cubaka akasema, macho bado yamefumbwa, "hiyo usiandike."