Mistari ya Chini

Heche alisimama kwenye lango la shamba lake, fimbo mkononi, akiwatazama wakulima wenzake wakipanda kilima. Walibeba mikasi ya kupogolea na pampu za dawa. Walimsalimia, yeye akaziba lango kwa mwili wake.

Kikundi chao cha zabibu kilikuwa na watu wa Tarime na wengine wachache waliohamia kutoka Ikoma, upande wa Serengeti. Msimu uliopita ukungu mweupe ulikuwa umeshika mizabibu yao yote, na matunda yakapasuka yakiwa bado mabichi. Ndipo wakakubaliana kupogoa mashamba yote kwa pamoja, kuchoma matawi yenye ugonjwa na kupiga dawa kwa wakati mmoja, maana shamba moja likiachwa, upepo ungerudisha ugonjwa kwa wengine. Heche peke yake ndiye aliyekataa.

"Rudini," alisema. "Mimi nimepanda mizabibu nyie hamjui hata zabibu ni nini."

"Hakuna anayebisha, baba Nyangwine," alisema Efrazia, mwenyekiti wa kikundi. "Lakini majani yako ni meupe. Tunayaona tukiwa hapa."

"Ugonjwa kaleta huyu." Fimbo ilimwelekea Oduol, mzaliwa wa Sirari aliyelima shamba la jirani. "Kavusha vipando kutoka kwa shemeji zake kule Isebania, upande wa Kenya. Kabla yake hatukuwa na ukungu hapa."

"Vipando vyangu nilivipiga dawa kabla ya kupanda," alisema Oduol. "Wewe tangu mvua ianze hujashika pampu. Uchafu wako unatua kwangu."

"Mjaluo hanifundishi kulima kwenye ardhi ya baba yangu."

"Basi kaa na ardhi ya baba yako ioze."

Fimbo ilishuka. Ilimpata Oduol begani, naye akainua mkasi. Thadeo, mzee mmoja wa Ikoma, akajitupa katikati yao, wengine wakawakamata mikono.

Boke, mke wa Heche, alikuwa amesikia yote akiwa ndani ya shamba. Alikuja, akampita mumewe bila kumtazama, akafungua lango.

"Mistari ya chini niliipanda mimi," aliwaambia wanakikundi. "Wakati huo yeye alikuwa kwenye biashara zake za ng'ombe. Ingieni mpogoe hiyo. Ya juu ni yake, muiache."

"Funga lango, Boke," alisema Heche.

"Sifungi."

"Ukikata hata tawi moja, chakula chako sili tena."

Boke alichukua mkasi wa Efrazia na kukata tawi la kwanza mwenyewe. Wenzake walimfuata, wakakusanya matawi na kuyachoma pale pale, na moshi ukampanda Heche usoni. Hakuondoka aliposimama.

Alitimiza neno lake. Akawa anakula kwa kaka yake. Kati ya mistari yake na ya mkewe akakaza seng'enge, na wakikutana uani walipishana kama wapangaji waliogombana.

Mvua ziliporudi, mistari ya chini ilichipua majani ya kijani safi. Ile ya juu ilipauka tena, na kabla vichala havijakomaa vikaanza kunuka. Ukungu uliteremka, ukachoma mizabibu ya Boke iliyokuwa karibu na seng'enge, kisha ukavuka hadi kwa Oduol. Kwenye kikao, Oduol alitaka waende na mapanga waing'oe mizabibu ya Heche yote. Wengi waliunga mkono.

"Mkienda na mapanga mtanikuta mimi langoni," alisema Boke. "Kupogoa nilikubali. Kuvunja nyumba yangu sikukubali."

"Nyumba gani, wakati mumeo hali kwako?" aliuliza Oduol.

"Hiyo si kazi ya kikundi."

Efrazia alifunga kikao kabla hawajatukanana zaidi.

Siku moja asubuhi Heche alimkuta mkewe akipalilia. Alisimama upande wake wa seng'enge, mkononi ana kichala kilichooza.

"Waambie waje," alisema. "Lakini huyo jirani asiniongeleshe."

Walikuja. Walipogoa mistari yote ya juu, wakabakiza mashina mafupi kama ngumi. Mistari ilipogawanywa, Heche na Oduol walijikuta pande mbili za mstari mmoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuacha.

"Sikuja kwa ajili yako," alisema Oduol akiendelea kukata. "Nimekuja kwa ajili ya shamba langu."

"Nimesema usiniongeleshe."

"Na bega langu bado linauma."

Heche alivuta tawi lililofuata, akakata. Walikwenda hivyo hadi mwisho wa mstari, mikasi ikilia. Boke alipoleta chai, Oduol aliikataa, akabeba pampu yake akaondoka. Heche alipokea kikombe kutoka kwa mkewe, akanywa amesimama, amempa mgongo.