Vikonyo Nilivyoficha

Mume wangu Nematullo ni mtu mwema. Nalisema mapema, kwa sababu mbele nitamsema sana. Hapigi, halewi, na ukimwomba shati lake atakupa. Lakini kwa mti wake wa aprikoti alikuwa mkono wa birika, na bonde zima la Isfara lilijua.

Mti wenyewe aliupanda babu yake. Matunda yake yalikuwa madogo, yenye wekundu upande mmoja, na ukiyaanika juu ya paa yalibaki laini hadi majira ya baridi yaishe. Wachuuzi wa mji wa Khujand waliyafuata hadi mlangoni kwetu. Mgeni aliruhusiwa kula mpaka ashibe na hata kuondoka na kokwa, maana kokwa ya aprikoti ukiipanda haimfuati mama yake. Inatoa mti mchungu wowote. Utamu husafiri kwa kikonyo tu, kile kijiti unachokikata na kukibebesha kwenye shina la mti mwingine. Na kikonyo Nematullo hakumpa mtu. Kila mwaka baridi ikikaribia kwisha alipogoa matawi, akaokota vijiti vyote chini, akanikabidhi nivichome kwenye tanuri la mkate siku hiyo hiyo.

"Kitu kizuri kikiwa cha kila mtu si kizuri tena, mama Mastura," alikuwa akiniambia. "Leo wanakuja kwangu. Siku wote wakiwa na mti huu, nani ataikumbuka njia ya hapa?"

Mwaka wa tano wa ndoa yetu alikuja jirani Sanavbar. Alikuwa ametoka eda juzi tu, ana watoto wawili na ua mtupu. Marehemu mumewe alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza la baba yangu. Aliomba kikonyo kimoja.

"Chukua matunda, dada," Nematullo alimwambia kwa upole, akimjazia mfuko. "Chukua hata mfuko wa pili. Kikonyo, hapana."

Sanavbar alishukuru, akaondoka akitazama chini. Mimi damu ilinichemka. Ningependa kuwaambia kwamba niliongozwa na moyo wa ukarimu, lakini ningekuwa mwongo. Ilikuwa hasira tupu. Siku ile ya kuchoma, vijiti vitano havikufika motoni. Vilipita kwa Sanavbar ndani ya mguu wa suruali yangu, chini ya gauni, na mkate ukaungua nikiwa kwake.

Dhambi ni ngumu siku ya kwanza tu. Mwaka uliofuata nikampa mke wa Mwalimu Isroil, kisha mfinyanzi, kisha nikazoea. Siri ya mtungi aijuaye kata. Sharti langu lilikuwa moja, Nematullo asione, nao walilishika. Mwalimu Isroil alikuwa akisikia tu mume wangu anakohoa njiani, anatupia magodoro yote ya nyumba juu ya mti wake.

"Mke wa Isroil ni msafi mno," Nematullo aliniambia siku moja. "Kila nikienda nakuta ameanika magodoro. Wewe je?"

Nilitoka nje nikacheka hadi mbavu zikauma.

Nilingoja wachuuzi wapungue kama mume wangu alivyotabiri. Wakaongezeka. Zamani walikuja na punda, sasa wakaja na malori, wanapakia kwetu kwanza halafu wanazunguka vichochoro vya nyuma. Malori matatu kwa ajili ya mti mmoja! Nematullo hakujiuliza. Alisema ni sifa ya babu yake.

Mwaka wa ishirini na mbili wa siri hiyo, mwezi wa tano, mvua ilinyesha mlimani siku tatu. Adhuhuri ya siku ya tatu tope lilishuka korongoni likinguruma, likachukua ukuta wetu wa chini, banda la mbuzi, na mti. Hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe. Mti ulitembea umesimama wima hatua kama kumi, umejaa matunda mabichi, kisha ukalala. Nematullo alisimama ndani ya tope hadi magotini, akiutazama.

Tangu siku ile alilala akiugeukia ukuta wa chumba. Hakwenda nyumba ya chai, hakunyoa ndevu, na chakula alikigusa kama anakionea huruma.

"Babu alinikabidhi, nami nimeupoteza," alisema. "Duniani haupo tena."

Binti yetu Mastura alikuja kutoka kwa mumewe, akamwona, akanivuta jikoni akilia. "Mama, baba anakwenda. Huoni?"

Nilikuwa naona. Na dawa niliijua, ila niliiogopa. Mwanamume aliyedanganywa na mkewe miaka ishirini na miwili, kijiji kizima kikijua isipokuwa yeye, anaweza kutamka neno moja mara tatu, nami nirudi kwa kaka yangu na fungo la nguo kichwani. Nilikwenda kumuuliza Sanavbar.

"Usithubutu!" aliniambia. "Atakufukuza, shoga yangu."

"Nisiposema nitamzika."

Alinitazama, kisha akapanda mtini kwake. Ilikuwa mapema mwezi wa saba na matunda yalikuwa yameiva. Alinijazia sahani.

Niliiweka mbele ya Nematullo, nikasimama mlangoni na viatu mguuni, tayari kufukuzwa. Alitazama. Akanusa. Akauma moja, na taya zake zikasimama.

"Umetoa wapi?"

"Kwa Sanavbar."

"Sanavbar aliniibia?"

"Mwizi ni mimi," nikasema, na nikamwaga yote, suruali, tanuri, magodoro ya Mwalimu, yote. Sikuacha hata moja.

Alikula la pili. Akala la tatu. Kisha akainuka, mara ya kwanza baada ya wiki sita, akatoka bila kofia, nami nyuma yake mbio kama kuku.

Kwa Sanavbar watu walikuwa wameshajaa. Kijijini kwetu habari haihitaji miguu. Nematullo alikwenda moja kwa moja kwenye mti. Alipapasa kovu pale kikonyo kiliposhikana na shina, akalipapasa tena. Sanavbar alimsogelea.

"Kaka, nisamehe."

Alichuma tunda, akala polepole, akatema kokwa kiganjani.

"La huyu ni tamu kuliko la kwetu," alisema.

Nimeishi na mtu yule miaka ishirini na saba, na sikuwahi kumsikia akisema cha mwingine ni kizuri kuliko chake. Kisha akatazama juu.

"Lakini nani kapogoa hivi? Mbuzi?"

Nikaangua kilio mbele ya watu, kilio cha furaha, sikuona haya. Mwalimu Isroil akageuka na kukimbia. "Ngojeni nikatoe magodoro!" alipiga kelele, na ua mzima ukacheka, Nematullo naye.

Hadi alasiri walikuwa wamemzungusha nyua kumi na moja. Kila mlangoni aligomba, tawi hili mmeliacha la nini, huyu mnamnywesha maji mengi, na kila mlangoni aligomba kwa furaha zaidi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, husema watu. Mimi siku ile niliona utajiri wenyewe ukitembea kijijini bila kofia. Mwisho wa mwezi, wakati wa kubebesha kwa macho ya mti, vile vichipukizi vya kwenye kikonyo, watu walikuja kwetu na vikonyo vilivyofungwa vitambaa vilivyolowa maji, vingi hata tukakosa pa kuviweka. Alivibebesha kwenye miche michungu iliyojiotea kando ya mfereji wa juu, ambako tope halikufika.

Kazi ilipokwisha alikaa akanimiminia chai yeye mwenyewe.

"Miaka ishirini na miwili ulinifanya mjinga," alisema.

"Ndiyo."

"Ungekuwa mke mtiifu, leo nisingekuwa na kitu." Alikunywa, akaitazama miche. "Na sasa nina miti kumi na moja."

"Kumi na tisa," nikasema. "Vijiji vya juu sijakupeleka."

Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Basi kesho unipeleke," alisema. "Na tubebe vikonyo. Huenda njiani tukakutana na mtu ambaye hana."