Komeo la Inchi Hamsini na Moja

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na wala hakatai. Ukimkuta leo mbele ya cherehani yake ukamuuliza, fundi atakusimulia mwenyewe, tena atacheka kabla yako. Lakini kisa hiki kina mahali ambapo hata yeye, mtu wa kutania mpaka wafiwa, kicheko humkauka.

Fundi huyu hushonea nyumbani, sebuleni, tangu kibanda chake kivunjwe kupisha upanuzi wa barabara. Sifa yake ni sare za shule. Akina mama humfuata kwa sababu moja tu: pindo. Kila sketi na kila suruali huiachia inchi tatu zimekunjwa kwa ndani, za kushushwa mtoto akirefuka. Ujuzi huo hakuzaliwa nao. Ujanani alishona sare za shule nzima, kila mtoto kwa kipimo chake barabara, zikapendeza kama picha. Muhula uliofuata zilirudi zote mia na ishirini, zimebebwa na wazazi waliokuja na maneno yao. Tangu hapo hushona pindo pana, na husema alifundishwa na walimu mia na ishirini kwa siku moja.

Tangi la samaki lilikuja kwa sababu ya macho. Daktari alimwambia kila nusu saa ainue macho kwenye sindano, atazame kitu kilicho mbali kidogo. Dirishani kwake palikuwa na kamba ya jirani iliyojaa nguo za ndani, na fundi aliona si heshima kutazama hizo kwa amri ya daktari. Akanunua tangi la kioo la lita mia na hamsini, akaliweka upande wa pili wa sebule. Ndani alimtia samaki mwekundu mnene aliyemwita Mwenyekiti, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ila kufungua mdomo na kuufunga. Akaongeza kambare mdogo wa madoadoa aliyekwangua kioo mchana kutwa bila kupongezwa na mtu. Huyo alimwita Mfagizi.

Mkewe alikuwa ameshafariki. Mlio wa nyumba ulikuwa wa cherehani na wa pampu ya hewa, basi. Kwa hiyo binti yake, muuguzi, aliposema anarudi kazini na kuuliza kama babu angeweza kushinda na wajukuu, fundi alijibu atafikiria, halafu akakaa usiku kucha akiogopa binti asije akabadili mawazo.

Wajukuu walikuwa wawili. Wa kike, miaka mitano, alipewa jina la Mkaguzi, maana hakuna droo, mfuniko wala mfuko wa suruali uliopita mbele yake bila kukaguliwa. Wa kiume, miaka mitatu, alikuwa Kupe. Dada akienda hatua moja, naye moja, kamng'ang'ania gauni.

Siku ya kwanza binti hakukaa. Alisimama mbele ya tangi, akasukuma kabati lililolibeba kwa kidole kimoja, na kabati likaitikia. Akamwambia baba yake kuwa maji yale ni uzito wa mifuko mitatu ya saruji, bila kuhesabu kioo. Fundi akatania kwamba Mwenyekiti peke yake ni nusu mfuko. Binti hakucheka.

"Baba, hao watoto wanaoangukiwa na vitu majumbani, mimi ndiye ninayewapokea wodini."

Akampa wiki moja. Tangi likiwa salama, wajukuu watakuja. Lisipokuwa salama, watakwenda kituo cha kulelea watoto ng'ambo ya mji, na babu atawaona siku za mapumziko.

Wiki hiyo fundi hakumshonea mtu hata kifungo. Alimwita seremala, mtani wake wa miaka mingi, wakalipandisha kabati likawa refu zaidi, wakang'oa vishikizo vya milango yake visije vikawa ngazi. Nyaya za taa na pampu zilipitishwa ndani ya bomba nyuma ya kabati, zikaachwa zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda tena, ili tone la maji lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Dawa ya maji na chakula cha samaki vilihamia juu ya kabati la nguo chumbani. Binti alitaka pia tangi na kabati vifungwe ukutani. Fundi aliona ni kuzidisha, lakini alishona mikanda miwili ya turubai, ile ya mabegi mazito, akaipitisha mishono mitatu mitatu, na seremala akaikaza ukutani kwa skrubu ndefu kama kidole.

Likabaki komeo la mfuniko wa tangi. Hapo ndipo fundi alipoamua kuonyesha ufundi. Alimsimamisha Mkaguzi ukutani, pekupeku, akamwambia asimame kwa ncha za vidole na kuunyoosha mkono mpaka mwisho. Inchi hamsini kamili. Akapiga mstari wa penseli, akamwagiza seremala aweke komeo kwenye inchi hamsini na moja. Seremala aliuliza kwa nini asilipandishe zaidi, wakamaliza. Fundi ni mfupi, na hakutaka kupanda kigoda kila akisafisha maji. Lakini hilo hakulisema. Alisema yeye hufanya kazi kwa vipimo, kubahatisha ni kwa maseremala.

Binti alikuja, akasukuma kabati kwa mikono miwili, akavuta mikanda, akasema, "Sawa." Kwa muuguzi yule, hiyo ilikuwa shangwe.

Ikapita miezi saba. Mkaguzi alijifunza kutia uzi kwenye sindano vizuri kuliko babu yake. Kupe alijifunza kusema "Mwenyekiti" kabla ya kusema jina lake mwenyewe. Kila jioni kabla mama yao hajafika, babu aliwanyanyua mmoja mmoja, wakadondosha chakula kidogo majini, na Mkaguzi akauliza kwa nini yeye hawezi kufanya peke yake. Babu akajibu kwamba Mwenyekiti haonani na watu bila miadi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana mweupe. Mama mmoja jirani alikuwa ameleta sketi ya shule ya mwanawe, pindo lishushwe. Fundi alikaa mlangoni penye mwanga, miguu juu ya kigoda chake, akifumua uzi taratibu na kumweleza mama yule jinsi watoto wanavyorefuka ukiwapa kisogo. Alikuwa hodari sana katika maelezo hayo. Mama akaaga akaenda zake, naye akaendelea kufumua.

Alichosikia si kilio. Alisikia maji yakipiga kioo, pwa, kama ndoo iliyosukumwa. Akageuka.

Mfuniko ulikuwa wazi. Mkaguzi alikuwa amening'inia kwenye ukingo wa tangi kwa kwapa moja, mkono umezama majini mpaka kiwiko, miguu haigusi sakafu. Kabati lote, refu lilivyokuwa, lilikuwa limeinama kumfuata. Chini yake, mgongo kwenye mlango wa kabati, Kupe alikuwa ameketi akicheza na vifungo, maji yakimdondokea kichwani, naye akicheka.

Mikanda miwili ilikuwa imekazika nyuma ya tangi, imenyooka kama rula.

Fundi hakumbuki alivukaje sebule. Anakumbuka bega lake likiwa kwenye kabati, mkono mmoja kiunoni mwa Mkaguzi, na mguu ukimsukuma Kupe pembeni kama mtu anayesogeza robota la kitambaa. Kabati likarudi ukutani, likatulia. Mwenyekiti akafungua mdomo, akaufunga.

Alipopata pumzi alianza upelelezi. Alitaka kujua amepanda juu ya nini. Kigoda kilikuwa mlangoni, alikuwa amekiwekea miguu mwenyewe. Ndoo ilikuwa jikoni. Robota la kitambaa lilikuwa limesimama wima. Akamshuku Kupe kuwa ndiye aliyegeuzwa ngazi, na Kupe, kwa kuona anatajwa, akapiga magoti na kutoa mgongo ili mchezo uanze.

"Sikupanda kitu, Babu," Mkaguzi alisema. "Jana kidole kiligusa kidogo. Leo kimefika, nikafungua, nikajivuta."

Fundi akamwambia asimfanye mtoto mwenzake.

Gauni la mtoto lilikuwa limelowa mkono mzima. Pasi ilikuwa mezani, ya moto, tayari kwa ile sketi. Bila hata kuamua, fundi alimvua gauni, akaliweka mezani, akapitisha pasi juu ya mkono uliolowa. Mvuke ukapanda. Sakafu ni ya kupiga deki, dakika mbili. Nywele za Kupe hukauka zenyewe. Muuguzi angeingia, angekuta kila kitu mahali pake, na kesho asubuhi wajukuu wangekuja kama kawaida. Fikra zilikwenda kwa mpangilio mzuri, kama mshono ulionyooka.

"Hatumwambii Mama?" Mkaguzi aliuliza.

Aliuliza hivyo hivyo tu, kwa sauti ileile anayoulizia kama sindano ina jicho moja au mawili. Alitaka kujua kazi hii hufanywaje. Amejifunza kutia uzi kwa kumtazama babu. Amejifunza kukunja kitambaa, kuhesabu vifungo, kusonya mteja akichelewa. Na sasa alisimama pale na fulana yake ya ndani, macho kwenye pasi, akingoja kufundishwa na hili.

Fundi aliisimamisha pasi, akachomoa waya. Akamvisha mtoto kitambaa cha sare kilichobaki, akakifunga shingoni, na gauni akaliacha mezani lilivyo, nusu kavu, nusu maji.

"Tunamwambia," alisema. "Tena mimi ndiye nitaanza."

Na alianza kweli, kabla binti hajatua mkoba. Alisimulia yote, mpaka habari ya pasi. Binti aliwapapasa watoto kuanzia utosini, mikono, mbavu, magoti. Akaenda kuligusa gauni. Akaenda kuigusa mikanda, akapitisha kidole juu ya mishono mitatu, amempa baba yake mgongo.

Laiti fundi angenyamaza hapo. Lakini ukweli aliokwisha kuusema ulimpa ujasiri, naye akaanza kutetea komeo. Mikanda imeshika, alisema, na komeo nalo lipo pale pale kwenye inchi hamsini na moja. Huyu mtoto lazima alipanda juu ya kitu.

"Futi yangu miaka arobaini haijamdanganya mtu."

Binti aliivua futi shingoni mwa baba yake. Akamsimamisha Mkaguzi kwenye ule mstari wa penseli, ncha za vidole, mkono juu. Inchi hamsini na moja na nusu, na mtoto hajajinyoosha vizuri. Fundi akasema anasimama kwa kucha. Akasema futi za kitambaa hulegea na joto. Akafika mahali pa kusema labda ukuta umetitia, na hapo hata Kupe alimtazama.

Binti hakubishana. Aliikunja futi, akaisogelea cherehani, akainyanyua ile sketi ya shule yenye pindo lililofumuliwa nusu, nyuzi zinaning'inia. Akauliza ni ya nani. Fundi akajibu ni ya mtoto wa jirani, amerefuka, anamshushia. Alipomaliza kulisema hilo, mwenyewe aliketi.

"Kesho nawaleta kama kawaida, na seremala nimkute hapa," binti alisema, akamwekea sketi magotini. "Lakini watoto wa watu, Baba, unawaachia inchi tatu. Wangu umewaachia moja."