Njia ya Nyuma ya Nyumba

Kiuno cha Biubwa kilianza kuuma zamani, enzi za kuinama kwenye mashamba ya mwani, na hata alipoachana na mwani chenyewe hakikumwacha. Alikichua kwa mafuta, akakimezea vidonge, akakisomea dua. Kikamzoea tu, kama mgeni asiyejua kuaga.

Safari hii Tasnim, binti wa mazoezi ya viungo aliyekuja Ndagoni kutibu watu, hakumpa hata kidonge.

"Mama, utembee kila asubuhi," alimwambia. "Polepole. Usikilize unyayo wako: kisigino, kisha vidole. Usikilize pumzi. Pakiuma usipakimbie, wala usipagombeze. Patazame tu, uendelee. Siahidi kwamba maumivu yatakwisha, lakini makali yatapungua."

"Na nikikutana na watu?"

"Wasalimie upite. Usisimame kuzungumza."

Mtoto wa watu, hakuijua Ndagoni! Huku mtu hapitwi kwa salamu nusu. Utaulizwa ulivyoamka, watoto wako na wa dada yako, na ukijibu mkato ukapita, kabla ya adhuhuri kijiji kizima kinajua kwamba una kiburi. Siku ya kwanza Biubwa alisimamishwa kila mlango, kiuno chake kikajuliwa hali na kila mtu, na alipofika msikitini jua lilikuwa kali na unyayo wake hajausikiliza hata mara moja.

Basi akahamia njia ya nyuma ya nyumba, inayopita kati ya minazi na vyoo, ambako hakai mtu. Huko alitembea kwa raha zake. Kisigino, vidole, pumzi. Wiki zilivyopita akaanza kuinama kuchochea moto bila kuuma meno. Maumivu yalikuwepo, ila hayakuwa tena na amri juu yake.

Jambo moja alilifumbia macho. Njia ile ilipita chini ya dirisha la Somoe.

Somoe alikuwa shoga yake tangu usichana wao, na mwani waliulima bega kwa bega. Mumewe, Suleimani, alikuwa amefariki, naye alikuwa amekaa eda. Mjane wa eda hatoki nyumbani. Anayemtaka humfuata ndani, akaketi naye mkekani. Na mkeka ndio uliomtisha Biubwa. Kwenye matanga alikaa chini kutwa, na alipotaka kuinuka kiuno kilikataa. Alipiga kelele, akabebwa na wanawake wawili mbele ya mfiwa, akaona haya mpaka akatamani ardhi immeze. Tangu hapo hakukanyaga tena. Alituma salamu kwa simu, akisema atakuja akipata nafuu, na nafuu ilipokuja hakwenda. Kila asubuhi alipolikaribia dirisha lile aliikaza akili yake kwenye unyayo, akajidanganya kwamba hayo ndiyo matibabu.

Asubuhi moja sauti ikatoka dirishani, wala haikuwa kali.

"Biubwa. Na leo pia unapita?"

Biubwa akaganda palepale. "Somoe! Umejuaje kama ni mimi?"

"Mguu wako nitaacha kuujua? Mwanzo ulikuwa ukiuburuta ule wa kushoto, nikawa nasema, maskini, leo kiuno kimemshika. Kisha ukaacha kuuburuta. Wallahi nilifurahi, shoga yangu. Nikasema, sasa kesho ataingia. Nikamwambia mwanangu Sabra ateleke chai. Kesho yake ukapita."

Siku zote hizo Biubwa alidhani mguu ule anausikiliza yeye peke yake.

Akazunguka, akaingia kwa mlango wa uani. Somoe alikuwa amekonda, kanga zinampwaya. Mkeka ulikuwa umetandikwa kando ya ukuta, unangoja wageni. Biubwa akautazama, machozi yakamlengalenga.

"Naogopa mkeka, shoga," alisema. "Najua ni kukosa adabu, lakini naogopa. Nisije nikainuliwa tena na watu mbele yako, badala ya kukuliwaza wewe nikaliwazwa mimi."

"Nani kakwambia ukae?" Somoe alimkatiza. "Huo mkeka mwenyewe umenichosha. Watu wanakuja, tunakaa, tunatazamana, wanaondoka. Hebu nionyeshe huo mwendo wako. Uani si nje."

Wakatembea, kutoka jikoni mpaka penye mtungi wa maji, wakageuka. Biubwa akamwelekeza kama alivyoelekezwa: kisigino, vidole, pumzi, na pale panapouma.

"Na hapa?" Somoe alijishika kifua. "Napo nipatazame tu?"

"Napo. Usipakimbie."

Walipoufikia tena mtungi, pale marehemu mumewe alipokuwa akitawadhia, mguu wa Somoe ukasita. Kisha akaukanyagisha, na kilio kikamtoka, kilio cha sauti, huku anatembea. Tangu msiba kila mtu alikuwa akimwambia anyamaze, na Biubwa mwenyewe kwenye simu alimwambia vivyo hivyo. Sasa hakusema neno. Kiuno kilikuwa kimeanza kumuuma, na kilimuuma kwelikweli. Akamshika shoga yake mkono, wakageuka, wakaendelea.